Daftari la Madoa

Mjomba wangu ni dobi, na niseme mapema, kabla hamjaanza kumhurumia: ni mtu msumbufu. Ukimletea shati halipokei hivi hivi kama madobi wengine. Analikunjua juu ya meza, analigeuza nje ndani, ananusa kola (ndiyo, ananusa, na mwenye kola amesimama mbele yake), halafu anaanza kulisoma doa moja baada ya jingine, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Chai, kifuani. Wino, mfukoni. Kutu, hapa chini kwenye pindo, na hii haitoki, usije kesho ukasema ni mimi." Mimi nakaa pembeni na daftari, naandika kila anachosema. Akimaliza, mteja anatia sahihi, ndipo nguo inaingia ndani. Wapo waliokasirika. Kuna bwana mmoja alisomewa rangi ya midomo begani, na mkewe kasimama hapo hapo, kaja kuleta mapazia. Hatukuwaona tena, yeye wala mkewe, na mapazia yao tunayo mpaka leo.

Chanzo cha daftari ni hoteli moja kubwa aliyokuwa akifulia ujanani. Mgeni alileta koti lenye doa la mvinyo, kesho yake akaja juu kwamba doa limetoka kwa dobi. Neno la mgeni na neno la dobi, nani anasikilizwa? Mjomba alifukuzwa siku hiyo hiyo, hata aproni hakuachiwa. Alipokuja kufungua chumba chake mwenyewe, kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya pasi, kilikuwa daftari. Watu wakampa jina la Bwana Doa. Anajifanya kulichukia, lakini ukimwita hivyo anageuka haraka kuliko ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Mama alipofariki mjomba alinichukua, na tangu hapo niko naye mezani. Sasa nina watoto wangu, nina mvi mbili tatu, na bado ananikaripia jinsi ninavyoshika kalamu. Mkewe alitangulia zamani na watoto hawakujaliwa. Kwa hiyo akitaka kugomba, wa kugombwa ni mimi tu, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Mlango wa pili alikuwepo Mama Fundi, mshonaji. Ukuta wetu na wake ni mmoja, tena mwembamba. Cherehani yake ikishika kasi, vikombe vyetu vinacheza kwenye kishubaka. Miaka kumi na tisa tumekaa hivyo. Kifungo kikikatika kwenye kufua, napeleka kwake, anakishona huku akinisema kwamba mjomba wangu anasugua nguo kama anayetafuta dhahabu. Mtoto alikuwa naye mmoja, wa kiume, fundi umeme. Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa sababu hukosi kumkuta na kipande cha waya mfukoni au kinywani. Miaka ishirini na sita, mrefu, mdomo haufungi. Pasi zetu zote mbili alizitengeneza yeye, na kila akimaliza alikuwa akimwita mjomba "babu" ili amuudhi tu. "Mimi sina mjukuu mrefu kama nguzo," mjomba humjibu, na kesho yake anamfulia ovaroli bure na kuipiga pasi mpaka inasimama yenyewe.

Waya alipigwa risasi siku ya Ijumaa, jua linazama, akitoka kazini na mkoba wake wa zana.

Sisi hatukujua. Nataka hili lieleweke vizuri, maana limesemwa mengi. Jumamosi tulifungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Mlango wa Mama Fundi ulikuwa umefungwa, tukadhani amelala kidogo, na kumbe alikuwa hospitali tangu usiku. Saa kumi na mbili na nusu akaja mke wa Sajenti. Sajenti ni mteja wetu wa miaka tisa, yeye na nusu ya kituo chao, maana kituo kiko mtaa wa pili na sare ikipigwa pasi na mjomba hata askari mwenye kitambi anaonekana mkakamavu. Mkewe alileta furushi: shuka, nguo za watoto, suruali ya sare, na shati la sare la mikono mirefu. Mjomba akaanza kusoma. Alipofika kwenye shati alisimama, akalisogeza dirishani.

"Damu," akasema. "Matone kumi na moja, madogo, mkono wa kulia, kuanzia penye vifungo mpaka karibu na kiwiko. Ya kuruka."

"Ni ya pua," mke wa Sajenti akasema. "Alitokwa damu ya pua jana."

"Shemeji, ya pua hudondoka. Na ya kupangusa hupakaa. Hii imeruka."

"Basi andika unavyotaka, baba. Nina watoto wanangoja uji."

Nikaandika: matone kumi na moja, madogo, ya kuruka. Akatia sahihi bila kusoma, akaenda zake. Na mjomba akafanya alichofanya maisha yake yote. Damu haitaki maji ya moto. Ukiitia maji ya moto inaganda ndani ya uzi na shati limekwenda. Akaliloweka kwenye maji baridi, akayabadilisha, akaweka chumvi, akasugua kwa vidole viwili taratibu, akalinyanyua juu kwenye mwanga, akasugua tena. Nakumbuka alijisifu. "Njoo uone," aliniita. "Tafuta lilipokuwa." Nikatafuta, nisilione. Tukacheka.

Saa nne ndipo muuza magazeti alipokuja kutuambia kwamba Waya hayupo tena. Ameuawa na askari. Askari gani, haijulikani.

Sitaeleza yale mazishi. Nitasema tu kwamba mjomba alibeba jeneza pamoja na vijana, na goti lake lile bovu, na hakukubali kupokewa hata mara moja. Jumatatu mchana Sajenti alituma mtu kuchukua nguo zake, tukampa, shati likiwa limenyooka kwenye kiango. Jumanne jina la yule askari likatangazwa redioni: ni Sajenti. Nilimwona mjomba akiweka pasi chini, akaiweka kifudifudi juu ya nguo ya mtu, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu nimjue. Nilinusa kitambaa kinaungua ndipo nikaruka kuinyanyua. Alikuwa amekwishafungua daftari.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu kila kitu kilisimama kwenye jambo moja: umbali. Sajenti aliandika katika maelezo yake kwamba kijana aliambiwa asimame akakaidi, akachomoa bisibisi, akamkimbilia. Yeye akafyatua risasi moja kutoka upande wa pili wa barabara, hatua ishirini, na hakumsogelea kabisa, si kabla wala baada; aliyemwendea ni mwenzake. Mama mmoja aliyekuwa anafunga duka lake akasema uongo mtupu, Sajenti alikuwa amemkamata kijana kola kwa mkono wa kushoto na bastola iko kulia. Mwanamume mmoja aliyekuwa dirishani akasema hapana, aliona hatua kama kumi na tano hivi. Mwendesha mashtaka akatangaza kwamba ataamua ndani ya siku thelathini kama Sajenti ashtakiwe, na kwa kosa gani, au faili lifungwe.

Siku thelathini! Mji ukagawanyika kama kuni. Redioni asubuhi ni hilo, kibarazani jioni ni hilo. Watu walikuwa wakienda pale barabarani kupima hatua kwa miguu yao, mfupi anapata ishirini na tano, mrefu anapata kumi na sita, wanarudi wanagombana. Mbele ya meza yetu wenyewe nimesikia yote.

"Mwaka jana askari wawili wamechomwa visu," mwalimu mstaafu alisema, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitetemeka. "Kila anayefyatua akishtakiwa, nani atakwenda kukimbizana na majambazi? Wewe?"

"Jambazi gani?" seremala akamjibu. "Bisibisi ya fundi umeme ndiyo silaha? Basi na sindano ya mama yake ni mkuki, mkamkamate."

"Mimi nasema wamshtaki kwa kuua bila kukusudia, yaishe."

"Bila kukusudia vipi? Bastola ilijikuna?"

Watu walicheka, halafu wakakumbuka ukuta wetu ni mwembamba, wakanyamaza wote kwa pamoja. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda. Alikuwa akishona sare za shule, maana muhula ulikuwa karibu na watoto wa watu hawawezi kwenda uchi kwa sababu yeye amefiwa. Hivyo ndivyo alivyoniambia nilipompelekea chai.

Mjomba hakusema neno. Mtu anayesoma madoa ya watu kwa sauti ya mnada, kimya wiki nzima, wiki mbili. Chakula anakigusa tu. Nguo nyeupe akawa anazifua mara mbili. Mimi nilivumilia, halafu nikashindwa, mimi si jiwe. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikaweka daftari mbele yake.

"Mjomba, hii peleka kwa mwendesha mashtaka."

"Nipeleke nini? Shati liko wapi? Nimelifua."

"Daftari lipo. Tarehe ipo, sahihi ya mkewe ipo. Mtu aliyekuwa hatua ishirini anarukiwa na damu mkononi?"

"Mwandiko ni wako."

"Na ulimi ni wako! Kwani mimi nilikuwa najiandikia?"

Akakaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, akaangalia mikono yake. Ni mikono mibaya, ngozi imeliwa na sabuni, kucha nyeupe kama za maiti. "Nusu ya kazi yetu ni kituo," akasema. "Tutakula nini?"

"Hilo silo linalokukataza kula sasa hivi."

Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nikilipeleka, yule mama atajua. Atajua kwamba damu ya mwanawe ilikuja mikononi mwangu, nikaifua, nikajisifu. Nitamtazama vipi?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu mimi pia nilicheka siku ile. "Unamtazama vipi sasa?" nikamwambia. "Nenda umwambie wewe kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na watu. Leo. Ni mlango wa pili, si safari."

Akaenda. Nilimsikia akibisha hodi, nikamsikia akikaribishwa. Baada ya robo saa akarudi ameshika shati la mteja, kifungo kimeshonwa. Kesho yake akaenda tena. Akarudi na kifungo kingine.

Siku ya ishirini na mbili alikuja Sajenti mwenyewe, amevaa kiraia, amekonda. Lazima niwe mkweli: miaka yote tisa sikuwahi kumwona na neno baya. Alikuwa mtu wa kuamkia wakubwa na kutania wadogo, na watoto wangu alikuwa akiwaletea kalamu. Aliegemea meza kama siku zote.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mke wangu ananiambia alitia sahihi kwenye daftari lako. Sikuja kukutisha, mzee, wala usinielewe vibaya. Nina watoto watatu, wa mwisho hajaota meno. Ukurasa ni mmoja tu. Daftari linaweza kulowa, kwa dobi vitu vinalowa."

Mjomba alimtazama muda mrefu. "Sajenti," akasema, "ulikuwa umbali gani na yule kijana?"

Sajenti aliangalia pasi, akaangalia rafu, akaangalia ule ukuta ambao nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Macho yake yalijaa machozi, niliyaona. "Ukurasa ni mmoja tu, mzee," akarudia, na akaondoka bila kujibu alichoulizwa. Nilimwonea huruma, na nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Asubuhi yake mjomba alivaa shati lake jeupe la sherehe, akalifunga daftari ndani ya foronya iliyopigwa pasi, tukaenda wote wawili. Tulingoja kwenye benchi mpaka saa sita. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeteremka puani, mezani mafaili yamemzidi kimo. Alisoma ukurasa mara ya kwanza, mara ya pili, akauliza swali ambalo kila mwanasheria angeuliza.

"Mzee, atasema alimshika kijana ili kumsaidia, ndipo akapata damu. Wewe unajuaje kwamba imeruka?"

"Kwanza amekwishaandika kwamba hakumsogelea," nikadakia.

"Sikukuuliza wewe, dada."

Mjomba akaomba kalamu ya wino iliyokuwa mezani kwake, ile ya kujaza. Akaifungua. Akanyoosha mkono wa kulia, wa shati lile jeupe, shati ambalo hata mimi siruhusiwi kulianika, akaikung'uta kalamu kwa nguvu mara moja. Wino ukamrukia mpaka kiwiko. Halafu akachovya kidole kwenye wino, akakipitisha kwenye mkono wa kushoto, akapaka. Akaweka mikono yote miwili juu ya mafaili ya yule mama.

"Huu wa kushoto ni wa mtu aliyesaidia," akasema. "Huu wa kulia ni wa mtu aliyekuwepo."

Mwendesha mashtaka alivua miwani. Aliiangalia ile mikono, hasa ule wa kulia, akahesabu matone kwa ncha ya kidole bila kugusa. Kisha akaita karani, akaandikisha maelezo yetu, yake na yangu, tukala kiapo, tukatia sahihi. Siku hiyo hiyo wakaenda kulichukua shati nyumbani kwa Sajenti, na lilipatikana, kwenye kiango chetu, lina kikaratasi chetu. Likapelekwa maabara.

Baada ya siku tano tukaitwa tena. Alikuwa amesimama dirishani safari hii. "Maabara hawakupata kitu," akasema. "Wamejaribu kila njia. Hata uzi mmoja." Akageuka kututazama. "Mzee, ulifua vizuri mno."

Mjomba amengoja maneno hayo maisha yake yote. Kwenye ile hoteli hakuambiwa, wateja ndio kabisa. Nilimwona akiinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikamshika kiuno nikamtoa nje kama mgonjwa.

Njiani nilimsihi. "Mjomba, zimebaki siku mbili. Mama Fundi akija kusikia redioni, hutaweza kulitengeneza. Mwambie leo." Akasema ndiyo. Tulipofika akapita mlango wa Mama Fundi kama anakimbizwa, akaingia ndani kuloweka shuka.

Siku ya thelathini mtaa mzima ulikuwa umefungulia redio moja. Sajenti atashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, mwendesha mashtaka alisema. Shahidi mmoja anasema karibu, mwingine anasema mbali. Kilichomfanya aamue ni kumbukumbu ya maandishi ya dobi aliyepokea shati la mshtakiwa asubuhi iliyofuata, akaorodhesha matone ya damu kabla ya kulifua. Lau shati lenyewe lisingefuliwa, akasema, pengine angezungumza kuhusu kosa zito zaidi.

Nilikuwa nasikiliza redio kwa sikio moja. La pili lilikuwa ukutani. Cherehani ilikuwa ikienda, na katikati ya maneno hayo ikasimama.

Kelele zikaanza upya, kubwa kuliko za mwanzo. Wa huku wanasema kosa ni dogo, mtu kaua atafungwa miaka ya kuhesabika, hiyo haki gani. Wa kule wanasema askari ametolewa kafara kwa maneno ya mfua nguo. Na pande zote mbili, ambazo hazijawahi kukubaliana jambo, zikakubaliana juu ya mjomba. Kwa wa kule ni msaliti. Kwa wa huku ndiye aliyefuta ushahidi. Asubuhi tulikuta ukutani pameandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: MFUA DAMU. Kituo hakikuleta nguo tena, hata soksi. Mjomba alichukua brashi akausugua ule mkaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameacha kitu hakijatakata. Ukipita leo utayaona maneno, yamefifia tu.

Hayo yote angeyabeba. Kilichomvunja ni ukimya wa upande wa pili. Siku ya kwanza cherehani haikulia. Siku ya pili haikulia. Nilipeleka chai, nikaikuta mlangoni jioni, imepoa, ina nzi. Siku ya tatu mjomba alikaa na mgongo wake ameuegemeza kwenye ule ukuta kutwa nzima, hafui, hapigi pasi. Nikataka kumwambia nilikwambia. Badala yake nikammiminia chai.

Siku ya nne, kama saa tatu asubuhi, Mama Fundi akaingia. Alipita mbele, pale wanaposimama wateja, akaweka mikono juu ya meza. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini, na pini bado zimechomekwa kifuani. Mimi nikasimama. Mjomba akasimama pia, akashika meza.

"Mama," akaanza, "mimi..."

"Maji uliyafanya nini?"

Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa.

"Yale maji," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ulipoliloweka lile shati. Maji uliyamwaga wapi?" Na kabla hatujajibu akaendelea, haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Nilikimbia mpaka barabarani usiku ule, nikakuta wameshapiga maji, lami imelowa tu. Nikaenda hospitali, nikakuta wameshamwosha, wamemfunika shuka safi. Nilipewa mtoto safi, Bwana Doa. Sikuona popote alipoumia. Mwezi mzima nazunguka nayo hii, sijui nilie wapi. Niambie ulimwaga wapi."

Mjomba akazunguka meza, akamshika mkono, akampitisha ndani, kati ya rafu tupu, mpaka uani. Niliwafuata mpaka mlangoni. Chini ya kamba za kuanikia, pembeni mwa karo la kufulia, pana udongo mtupu, upana wa mkeka. Akamwonyesha.

"Maji ya kwanza hayakuwa na sabuni," akasema. "Yasiyo na sabuni sipeleki kwenye mfereji. Nilimwaga hapa. Yote ya kwanza na ya pili, hapa."

Mama Fundi akavua ndala. Akakaa chini, taratibu, akakunja gauni lake, akaweka viganja vyote viwili juu ya ule udongo. Mjomba akapiga magoti kando yake, goti bovu na zima, akasema, "Nisamehe, mama." Mama Fundi hakumwambia amemsamehe, na mpaka leo sijasikia akimwambia. Alisema tu, "Niacheni kidogo na mwanangu."

Mjomba akainuka kwa kushika ukuta, tukaingia ndani, akavuta pazia. Wateja wawili walibisha hodi, akaniambia niwarudishe. Tulikaa mezani bila taa, bila redio, mpaka adhuhuri, na kutoka uani tulimsikia akizungumza na Waya kwa sauti ya chini, anamgombeza, anamuuliza kwa nini siku ile hakupita nyumbani kula kwanza.